Mume Mdogo wa Dhahabu

Dhahabu alikuwa na waume wawili wenye jina moja, na mmoja hakuwa na jino hata moja. Gona mkubwa alizikwa miaka tisa iliyopita. Gona mdogo alikuwa mjukuu wake wa miezi sita, na kwa kuwa alirithi jina la babu yake, bibi alimwita mume wangu, kwa maringo, mbele ya majirani wote wa Magongo.

Miaka thelathini mwanamke huyu alibangua korosho, akazikaanga, akaziuza kando ya barabara. Ndizo zilizosomesha wanawe. Basi siku mkazamwana wake, Kafedha, alipompikia mtoto uji wake wa kwanza, Dhahabu aliona ni aibu mumewe kunywa uji mtupu. Akatwanga korosho chache, akakoroga, akamlisha vijiko viwili. Punde si punde midomo ya mtoto ikavimba, vipele vikamtapakaa, akaanza kutapika. Kafedha akamnyakua, wakakimbilia zahanati.

Mtoto alipona. Muuguzi akawaeleza taratibu kwamba mwili wake unazikataa korosho, asipewe tena, na kwamba hata vumbi la korosho mikononi mwa mtu laweza kumdhuru. Akauliza kama yupo mwingine wa ukoo aliye hivyo. Dhahabu akasema hayupo.

Siku tatu hakumgusa mtoto. Aliiogopa mikono yake mwenyewe. Alikaa barazani na leso yake inayonuka moshi wa korosho, usingizi ukimchukua na kumrudisha, na huko katikati akamwona Gona mkubwa mlangoni, kama alivyokuwa kila jioni, amesimama mbali naye, akijikuna shingo.

"Kaoge kwanza, Dhahabu," alikuwa akisema.

Kila jioni, miaka yote ile. Wala hakuwahi kuonja korosho zake. Naye Dhahabu aliyameza maneno hayo, akiamini mumewe anaionea haya kazi yake, na alimzika akiwa na kinyongo hicho moyoni.

Akazinduka. Akalia, maana uchungu wa miaka mingi ulikuwa umemtoka ghafla na hakujua aupeleke wapi. Kisha akaingia bafuni, akaoga, akajisugua mikono kwa sabuni hadi viwikoni, akajifunga leso safi. Kafedha akamtazama, akasita, halafu akampa mtoto.

"Nimeshaoga, mume wangu," Dhahabu akamwambia.

Gona akajisogeza karibu, akalala kifuani pake.