Gari Langu Limekwama Mlimani

Chekeni tu, maana hata mimi siku ile nilifika nyumbani nikacheka, ingawa nilianza kwa kulia kidogo bafuni (maji yalikuwa yanamwagika, kwa hiyo shahidi hakuna). Ukipita Nsambya, hapa Kampala, karibu na nyumba za polisi ukasikia watoto wakimwita mtu "Dereva! Dereva!" na mtu huyo akavua kandambili na kuwatisha nayo, basi huyo ni mimi, Deo, na leseni ya udereva sina, sijawahi kuwa nayo, na sasa sijui kama nitathubutu hata kuiomba.

Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko Kyambogo, wateja wangu ni wanafunzi wanaoangusha simu chooni na kuapa kwamba ilikuwa mvua. Siku moja nilipita soko la Owino kutafuta viatu vya mtumba nikaona mtu anauza chuma cha ajabu, yeye mwenyewe hajui ni nini, anakiita jiko la Wazungu. Mimi nilikijua. Ni kile kistendi ambacho unatoa gurudumu la nyuma la baiskeli, unaifunga pale, unaunganisha na simu, kisha unakanyaga ndani ya chumba chako huku kwenye kioo kikaragosi chako kinapanda milima ya Ulaya pamoja na watu wa dunia nzima. Nikanunua, na kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha sana asiyekwenda popote.

Sasa kuna Prossy. Prossy ndiye mchumba wangu, na baba yake ni Afande Mukasa, trafiki mstaafu, mtu ambaye hata akikuuliza habari za asubuhi unahisi umepita kwenye taa nyekundu. Nilikuwa nataka tarehe ya kwanjula, ile siku ya kwenda kutambulishwa rasmi kwa ukoo, na Afande alikuwa hanipi. Alikuwa na hoja, nisimsingizie. Diploma nilianza nikaacha, kuku nilianza wakafa, saluni nilianza ikafungwa kabla kioo hakijaning'inizwa. Akaniambia mbele ya Prossy: "Kijana, siku nitaona wewe umeanza kitu na umemaliza, siku hiyo nakupa tarehe. Hata kama ni kumaliza sahani ya chakula, nitaangalia."

Mimi kwa kiherehere nikamwambia kuna mbio za baiskeli za mtandaoni, Kampala na Nairobi, Jumapili alasiri, na nitazimaliza mbele ya macho yake. Si kushinda, kumaliza tu. Akakubali, akasema nije kwenye kantini ya wastaafu wa polisi pale Nsambya, kuna televisheni kubwa.

Kulikuwa na tatizo dogo. Kila nikifika kwenye kilima fulani, kikaragosi changu kilikuwa kinagoma, nakanyaga mpaka magoti yanalia na chenyewe kimesimama kinapepesa macho, wakati mwingine kinageuka kutazama kilikotoka kama kimesahau ufunguo. Ikabidi niandikie huduma kwa wateja wa ile app (jina silitaji, wasije wakanifungia tena). Na hapo ndipo ulipo ule uamuzi mdogo ulioniponza. Wakaniambia: chagua lugha. Kiingereza kilikuwapo, nakijua, nimesomea. Chini kabisa kukawa na Kiswahili, kimeandikwa pembeni "majaribio". Nikabonyeza Kiswahili.

Msinihukumu haraka. Mimi ni mtoto wa kambi, baba yangu alikuwa polisi, tulipigwa kwa Kiswahili na kubembelezwa kwa Kiswahili, na Kampala hii ambapo wengi wanakiogopa mimi nilikuwa nakitembeza kama suti. Tena nilijiona msafi wa lugha. Baiskeli kwa Kiganda ni gaali, na kila mtu anajua Waganda wakipewa R wanarudisha L, basi mimi tangu utotoni nilikuwa na hakika kwamba hilo gaali lao ni neno letu limepindwa ulimi, na Kiswahili chake fasaha ni gari. Ile yenye injini tulikuwa tunaiita motoka. Neno baiskeli nalijua, lakini nililiona ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu, nikalidharau. Ndivyo nilivyoandika, kwa kujiamini kabisa: "Gari langu linakwama mlimani. Nalikanyaga halisogei."

Nikajibiwa na mtu anayejiita Tumaini. Sijui ni mtu, sijui ni mashine, najua tu kwamba hachoki. "Asante kwa kuwasiliana nasi, uvumilivu wako ni muhimu kwetu. Tafadhali zima uwashe." Nikazima nikawasha. "Tafadhali futa vidakuzi vyako." Vidakuzi ni nini? Nilimuuliza Prossy, naye hajui, tukaamua lazima ni vile vipande vya chuma vya pembeni mwa kistendi (baadaye nikaambiwa ni cookies, vikumbukumbu vya mtandao ndani ya simu), tukachukua kitambaa tukavifuta vyote mpaka vikang'aa. Nikamwandikia kwamba nimefuta, vimetakata, na bado. "Hongera! Tafadhali zima uwashe." Mfa maji haachi kutapatapa, nikazima tena.

Jumapili ikafika. Kantini imejaa wazee, walikuwa wamekuja kwa mpira wakaambiwa wakae kimya, leo kuna mkwe anakwenda Ulaya bila pasipoti. Afande yuko mbele, miguu imekaa sawasawa. Pembeni yake Ssenga Nalongo, shangazi yake Prossy, ambaye kwa mila ndiye anayenipima kama nafaa. Mimi nimevaa ile kaptura ya waendesha baiskeli, ile inayobana bila huruma. Ssenga aliponiona alijifunika uso kwa khanga, halafu akafunua jicho moja. "Yesu wange! Huyu mutoto navaa nini? Nguo iliisha?"

Simu yangu nikaiunganisha na televisheni, kila kilichokuwa kwenye simu kikawa ukutani, kikubwa kama mlango. Tukaanza. Na nawaambieni, nilikwenda vizuri, nikawapita watu wa Nairobi, wazee wakaanza kupiga meza, Prossy akawa ananipepea kwa sinia, na Afande (nilimwona kwa pembe ya jicho) akasogeza kiti mbele. Moyo wangu ukajaa. Nikajisemea, Deo, leo unamaliza kitu.

Tukafika kwenye kile kilima na kikaragosi kikasimama.

Nilikanyaga. Nilikanyaga kama mtu anayekimbiza deni, jasho likawa linadondokea saruji, na ukutani yule bwana mdogo amesimama kwenye maua anapepesa macho, watu wa Nairobi wanampita mmoja mmoja. Ningenyamaza, ningeshuka, ningesema tumbo linauma! Badala yake, kwa kiburi changu, nikafungua maongezi na Tumaini pale pale, mbele ya kantini nzima, nikawa nakanyaga huku naandika kwa kidole chenye jasho: "Gari langu limekwama tena! Nimekanyaga mpaka mwisho na watu wananipita!"

Jibu likaja upesi, mara ya kwanza katika maisha yake Tumaini aliharakisha. "Asante kwa ukweli wako. Tumepitia maelezo yako ya awali na umekiri mara kadhaa kwamba unatumia gari. Kwa mujibu wa kanuni zetu, washiriki hawaruhusiwi kutumia gari." Halafu ukuta wote ukawa mwekundu: UMEONDOLEWA KWENYE MBIO. SABABU: GARI.

Mzee mmoja nyuma akauliza polepole, "Iko na gari wapi?" na wawili wakainuka kwenda kuchungulia uani.

Afande akasimama. Akavaa miwani. Akausoma ukuta kuanzia juu mpaka chini, neno kwa neno, kama alivyokuwa akisoma bima kwenye vioo vya watu. "Kijana, hii ni statementi yako? Wewe mwenyewe umekiri kwa mkono yako?"

"Afande, gari si motoka! Gari ni gaali! Gari ni baiskeli!"

"Miaka yote nimesimama barabarani," akasema, "nimekamata watu na gari mbovu, gari ya wizi, gari hapana taa. Mutu kukamatwa na gari ndani ya nyumba, na hiyo gari ni baiskeli, leo ndiyo ya kwanza."

"Kyoka bambi," akasema Ssenga kama anayenihurumia, "na hiyo gaali inakunywa petulooli?"

Kantini ikalipuka. Mimi nikaona sasa potelea mbali, nikamwambia Afande kwamba mbio nitazimaliza hivyo hivyo, kilima cha kweli kiko hapo nje, nitapanda mpaka hospitalini na kurudi, na hakuna Tumaini wa kunizuia. Akasema sawa, funga mkanda. Nikaifungua baiskeli kwenye kistendi kwa madaha, nikainyanyua, nikageuka kuelekea mlangoni, na hapo ndipo kila mtu alipoona, na mimi nikaona mwisho wa wote, kwamba gurudumu la nyuma liko chini ya kitanda changu Kyambogo.

Nilisimama pale na nusu baiskeli na kaptura yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba. Lakini Afande alikuwa amekaa chini, miwani ameitoa, anajifuta machozi. Anacheka! Yule mtu anacheka mpaka mabega yanaruka, na Prossy ameacha sinia anamtazama baba yake kana kwamba hamjui. "Tangu mama yake Prossy akufe," akasema alipopata pumzi, "mimi sijacheka hivi. Wewe hapana maliza kitu hata moja. Lakini tarehe nakupa. Baada ya Pasaka. Ila siku hiyo, kijana, utaleta gari. Mupya. Unakubali?"

Gari jipya! Yaani baiskeli mpya tu! Nikaona mbingu zimefunguka, nikapiga magoti na kaptura yangu nikasema kwa sauti, "Nakubali, Afande, gari jipya, hata kesho!" Wazee wakapiga makofi, Ssenga akapiga vigelegele.

Prossy akaniinamia sikioni. "Deo, umekubali kuleta nini?"

Nikamtazama Afande. Afande akanitazama kwa jicho la kituo cha ukaguzi. "Kiswahili ya polisi," akasema, "gari iko na injini. Mimi trafiki, naweza kukosea gari? Mashahidi wako hapa."

Wapendwa, mimi natengeneza simu. Gari jipya nitalitoa wapi, kwenye chaja? Kuna watu wanapeleka magari kwenye kwanjula hapa Kampala, nimewaona, wanayafunga utepe mwekundu, lakini hao hawanunui viatu Owino. Wiki ile sikula vizuri. Niliogopa kweli kweli kwamba nitampoteza Prossy kwa sababu ya herufi R.

Basi nikakata rufaa kwa wale wale walioniloga. Sikutaka bado kuandika baiskeli (ukaidi ni ugonjwa), nikamwendea Mama Furaha, Mkongo anayeuza vitenge, kwao Bukavu wanazaliwa na Kiswahili mdomoni, nikamuuliza neno lenyewe la baiskeli ni lipi. "Weye Deo! Kwetu tunasemaka kinga." Nikafurahi, neno safi, halina Uzungu. Nikamwandikia Tumaini: "Situmii gari. Natumia kinga. Nimetumia kinga kila siku tangu nijiunge nanyi." Akajibu: "Hongera kwa kutumia kinga. Afya yako ni muhimu kwetu." Prossy aliposoma alikaa chini. Kisha akaninyang'anya simu akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba lile gari ni BAISKELI, na akatuma picha yake, na gurudumu lake, na mimi nikiwa juu yake.

Siku kadhaa zikapita, jibu likaja: "Mpendwa mteja, baada ya uchunguzi, makao makuu yamethibitisha kwamba gari lako ni baiskeli. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Sasa unaweza kuendelea kuendesha gari lako."

Niliisoma mara moja nikachukua boda mpaka Nsambya. Afande alikuwa barazani. Akavaa miwani, akasoma huku midomo ikitembea, akarudi akasoma tena.

"Hii imetoka makao makuu?"

"Makao makuu yenyewe, Afande."

Mtu aliyevaa sare maisha yake yote hana silaha dhidi ya neno hilo. "Makao makuu ikisema gari ni baiskeli," akasema mwisho, akinirudishia simu kwa mikono miwili, "mimi nani? Lete. Lakini iwe na kengele. Na keria nzuri, Ssenga atakaa."

Kwa hiyo kwanjula ipo, baada ya Pasaka, na baiskeli nimeshaiona, nyeusi, nzito, kengele yake inasikika mpaka barabara kuu. Nimeapa mbele ya Prossy kwamba kuanzia sasa nikiandikia watu nisiowaona nitaandika Kiingereza, hata kama nawasalimu tu, na Kiswahili nitakiweka kwa watu wenye masikio na nafasi ya kunicheka uso kwa uso. Neno gari silitamki kabisa, nikisimamisha lori nasema "kile kitu."

Chini ya ule ujumbe wao kulikuwa na swali: Je, tatizo lako limetatuliwa? Ndiyo au Hapana. Prossy akasema bonyeza Ndiyo, Deo, si wamekupa mke? Nikamwambia mke nimempata kwa jasho langu, kantini nzima ililiona, lakini yule bwana mdogo bado amesimama pale mlimani kwenye maua anapepesa macho. Nikabonyeza Hapana.

"Asante kwa maoni yako," akajibu Tumaini. "Tafadhali zima uwashe."