Shangazi na Umbea wa Asidi

SHANGAZI AMEFAULU BIOKEMIA! Amefaulu, jamani! Ule mtihani uliokwisha kumwangusha mara mbili, ambao akianguka tena chuo cha uuguzi kinamwambia afungashe virago arudi nyumbani, ameupita! Kapiga vigelegele mwenyewe, kajiitikia mwenyewe, mtaa mzima umesikia.

Lakini hebu kwanza mumjue Protoni, maana bila yeye hakuna vigelegele.

Protoni ni mtoto wa kaka yake Shangazi. Jina lake la kweli wamebaki nalo wazazi tu. Kamaliza digrii ya biokemia, kazi bado anatafuta, na huku akitafuta anawasaidia wanafunzi kukokotoa maswali ndani ya duka la ushonaji la mama yake, kwenye kona ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya mikasi na vipande vya chaki. Sharti la mama ni moja: usiguse pini zangu. Sharti la Protoni nalo ni moja, na ndilo linalochekesha watu: swali hulikokotoi mpaka ulisimulie kama umbea. Nani alikuwepo, nani kampa nani nini, nani kabaki na nini. Tena kwa sauti!

Basi Shangazi akaja na swali lake sugu, la bufa. Bufa ni mchanganyiko usiopenda pH yake, yaani kipimo cha uasidi, iyumbishwe. Ndani yake kuna asidi asetiki na mwenzake asetati, kila mmoja moli sifuri nukta moja. Unamwaga asidi kali kidogo, sifuri nukta sifuri mbili. pH inakuwa ngapi?

"Nne nukta sita nane," akasema Shangazi, kidevu juu.

"Siyo, Shangazi."

"Jana ulisema siyo, leo siyo. Wewe mtoto una chuki na mimi?"

Mama akacheka huku mguu uko kwenye cherehani. "Wifi, si ulisema kwenu wote mna akili? Huyu akili kaitoa kwangu."

"Wewe shona! Tangu uolewe na kaka yangu hujanishonea hata gauni moja lililonikaa."

"Gauni halina tatizo, wifi. Muulize aliyelivaa."

Protoni akasubiri wamalizane, maana hao wakianza ni kama redio. Kisha akachukua vifungo mezani, vyeupe rundo huku, vyeusi rundo kule. "Shangazi, simulia. Hii nyumba ya asetati, hii nyumba ya asidi. Asidi kali kaingia mtaani na protoni zake mkononi, zile chembe wajina wangu. Nini kimetokea?"

"Kaingia," akaanza Shangazi, na sauti ikabadilika, ikawa ile yake ya kwenye foleni ya maji. "Kaingia anagawa protoni. Asetati, si unamjua hana msimamo, kapokea! Akishapokea si asetati tena, kageuka asidi. Kahamia nyumba ya pili. Kwa hiyo kule wameongezeka."

"Na huku alikotoka?"

Shangazi akavikodolea macho vifungo. Cherehani ikasimama.

"Mungu wangu," akasema Shangazi. "Huku wamepungua! Siku zote nilikuwa naongeza kule, huku siwapunguzi! Watu wamehama nami bado nawahesabu!" Akahamisha vifungo mwenyewe. Asidi sifuri nukta moja mbili, asetati sifuri nukta sifuri nane. Akabonyeza kikokotoo. "Nne nukta tano nane!"

Akaruka. Pini zikamwagika sakafuni. Mama akaziokota bila kugomba, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Tangu hapo Shangazi akawa moto. Kila swali umbea. Ila Protoni ndiye akaanza kukosa raha. Asubuhi ya mtihani, Shangazi kashaondoka, ndipo likamjia: chumba cha mtihani watu hawaongei! Naye kamzoesha mtu mzima kufikiri kwa mdomo. Siku hiyo hata suruali ya mteja aliipiga pasi ikatoka na mikunjo miwili.

Mchana Shangazi akarudi, akakaa kwenye kigoda, mkoba mapajani.

"Nimeanza kusimulia," akasema. "Nilidhani nasimulia moyoni. Kumbe! Msimamizi huyu hapa, kasimama juu yangu. 'Mama, unaongea na nani?'"

"Ukamjibuje?"

"Mwanangu, mimi sijui kudanganya. Nikamwambia naongea na asetati, kapungukiwa."

Mama akaangusha mkasi, akacheka mpaka akashika ukuta. Protoni hakucheka. "Akakutoa nje?"

"Kaniangalia weee. Kisha kachukua kiti changu kakipeleka nyuma kabisa, dirishani, peke yangu. 'Umbea wako ufanyie huku, na nisiusikie.' Halafu kaandika namba yangu kwenye karatasi yake. Hiyo namba, baba, ndiyo inayoninyima amani. Wakinifutia mtihani je?"

Wakangoja majibu hivyo hivyo, Protoni akijilaumu, Shangazi akisema "yaishe" huku anakagua simu kila akimeza mate.

Leo ndiyo yametoka. Amefaulu, na swali la bufa kapata lote! Msimamizi mwenyewe kamwona koridoni, kamwambia namba aliiandika ili ajue aliyehamishwa kiti, basi. Kisha kamuuliza, "Asetati hajambo?"

Jioni hii duka limejaa. Shangazi kaja na wenzake wa darasa, wote na maswali yao, kila mmoja anamsema asidi wake kwa sauti, na Mama kakalia kopo la pini ili liwe salama. Protoni yuko katikati, anacheka kama mjinga.

Ukimjua mtu yeyote biokemia inamliza, mtumie hii.