Kuwapima Wapimaji

Kiwandani walimwita Mpelelezi, na jina hilo hakupewa bure. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyanunua. Uzi mpya aliukata kwa meno ajue kama ni pamba kweli. Ukimsalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi, alikutazama viatu kwanza, kisha uso, ndipo aitikie. Wenzake kwenye chumba cha vyerehani, walikoshona sare za shule na mashuka ya hospitali, walimtania kwamba siku akifa atauliza nani kapima jeneza.

Lakini tusimwonee. Mwanamke yule alikuwa na sababu zake, na sababu zenyewe zilikuwa tumboni. Tangu alipovunja ungo, kila mwezi tumbo lilimnyonga kama nguo inayokamuliwa. Mama yake alimwambia wanawake wote wako hivyo. Mkunga akamwambia akizaa yatakwisha. Akazaa binti, hayakwisha. Daktari mmoja akampa dawa za taifodi, mwingine za minyoo, na wa tatu, mtu wa haraka zake, akampasua na kumtoa kidole tumbo. Akiwa bado wodini aliwasikia madaktari kwa masikio yake wakiambizana koridoni kwamba kidole tumbo chenyewe kilikuwa kizima kabisa. Hakuna aliyemwomba radhi. Tangu hapo, kila aliyevaa koti jeupe alikuwa mshukiwa.

Msimamizi wa chumba cha vyerehani aliamini anadeka. Mume wake, fundi umeme, mtu mpole, hakusema lolote, na huo ukimya nao aliutilia shaka.

Habari aliletewa na wifi yake, mfagizi wa wodi ya wazazi katika hospitali kuu. Kulikuwa na watafiti pale waliokuwa wakiwatafuta wanawake wenye maumivu makali ya hedhi. Wifi alieleza kwamba kuna maradhi yanaitwa endometriosisi: nyama laini kama ile inayotanda ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, na mwezi ukifika nayo huvimba na kutoa damu isiyo na pa kutokea. Mara nyingi kuyathibitisha ni mpaka mtu apasuliwe. Watafiti walitaka kujua kama yanaweza kutambulika kwa damu ya hedhi tu, bila kisu. Na wanaoshiriki wangeonwa na bingwa, bure.

Mpelelezi alikwama kwenye neno hilo la mwisho. Bure kwa nini? Na damu ile, ambayo tangu usichana alifundishwa kuifua kabla watu hawajaamka, mtu aliyesoma akasomeka anaitakia nini?

"Wifi, wanaipeleka wapi?" aliuliza.

"Maabara. Wanaiangalia kwa hadubini."

"Na wakishaiangalia?"

"Mimi nafagia tu, wifi."

Hilo likatosha kumharibia usingizi.

Hata hivyo alikwenda, kwa kuwa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Binti yake naye alikuwa ameanza kujikunja kitandani kila mwezi, na shuleni walishaanza kumwambia ni mambo ya kawaida. Mama mtu alitaka kitu kimoja tu: maradhi yale yapate jina kabla hayajammaliza mtoto. Watafiti walimpokea vizuri, na uzuri wenyewe ukamzidishia wasiwasi. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, alimfafanulia kila kitu pole pole. Nesi, mama mnene asiyecheka ovyo, alimpa kikombe laini cha mpira cha kukingia damu, pamoja na kichupa cha kuileta.

Njiani machale yakamcheza. Hawa nikiwapa damu yangu, aliwaza, wataniambia lolote wapendalo, nami sitakuwa na la kubisha. Kidole tumbo walikichukua hivyo hivyo. Safari hii atawapima wao kwanza. Siku zake zilipoingia, alipita buchani akamwomba muuza nyama damu kidogo ya mbuzi, eti ya paka wake. Hakuwa na paka. Akaitia kichupani, akafunga vizuri, akaipeleka hospitali huku tumbo linamkata na usoni hana habari. Wakimwambia ni mgonjwa kwa damu ya mbuzi, basi ni matapeli, na atakuwa amewakamata.

Walimwita mwezi uliofuata. Siku zake zilikuwa zimeanza asubuhi ile ile, naye alijikaza kwa kitambaa kiunoni akaenda ameinama kidogo. Daktari alifunga mlango. Nesi alisimama dirishani, mikono kifuani.

"Mama, kile kichupa ulicholeta," daktari alisema, "hakikuwa na damu ya binadamu. Tumerudia kupima. Ni ya mnyama."

Mpelelezi alifurahi. Alifurahi waziwazi, akacheka mpaka akajishika ubavu. Hatimaye mtu wa koti jeupe alikuwa amemwambia ukweli! Akamwaga yote bila kuulizwa, bucha, mbuzi na paka, kwa sauti ya mtu anayesimulia ushindi. Sasa nawaamini, aliwaambia, nipeni kichupa kingine.

Hakuna aliyecheka naye. Daktari alivua miwani, akaeleza kwa upole kwamba sampuli moja ya uongo ingeweza kupotosha majibu ya wanawake wote, na kwamba utaratibu unataka aondolewe. Hata akileta nyingine kutoka nyumbani, watajuaje kama ni yake? Nesi hakuhangaika na upole.

"Wapo wanaokuja hapa hawaumwi popote," alisema. "Wanamfuata bingwa wa bure. Tutajuaje kama wewe si mmoja wao?"

Maneno yale yalimchoma kuliko tumbo. Alishayasikia kwa mama yake, kwa mkunga na kwa msimamizi, lakini leo mwenye makosa alikuwa yeye. Kwa ujanja wake mwenyewe alikuwa amewapa sababu ya kutomwamini, na kumfungia mlango binti yake. Aliona aibu, na alikasirika, asijue amkasirikie nani. Alishika ukingo wa meza mpaka maumivu yakapungua kidogo, jasho linamtoka.

Angeweza kuondoka. Badala yake alinyoosha mkono.

"Nipeni kikombe," alisema. "Nesi, usiniamini. Twende wote chooni, usimame hapo uone kwa macho yako."

Daktari alimtazama nesi. Nesi alisita, kisha akavaa glavu na kuchukua kikombe kipya.

Choo kilikuwa chembamba, wakabanana kati ya sinki na mlango. Mwanamke ambaye damu yake hata mumewe hakuwahi kuiona alipandisha sketi mbele ya mtu asiyemjua. Alipomaliza kukiweka kikombe, maumivu yakamrudia kwa nguvu, akakaa chini kwenye vigae vilivyolowa huku ameuma kola ya blauzi asipige kelele. Nesi hakuwa akiangalia kikombe tena. Alichuchumaa kando yake, akamshika bega.

"Uko hivi tangu lini?" aliuliza.

Mpelelezi alilikagua swali lile kama alivyozoea, akilitafutia mtego. Hakuuona. Basi, akiwa bado pale sakafuni, akaanza kumweleza tangu mwanzo.