Kipa Mjerumani wa Ukutani kwa Mjomba

Kosa langu, na ninalikiri kabla Hodan hajawatangazia yeye, ni kwamba nilimweleza mpigaji penalti siri zangu zote kabla hajapiga. Mpigaji mwenyewe ni huyo huyo Hodan, binti yangu, na siri zenyewe nilizitoa Isiolo, kaskazini mwa Kenya.

Enzi zetu kule, mliokulia huko mtanishuhudia, ukipa hukuomba, ulitupiwa. Mwenye mpira alichaguliwa kwanza, wenye mbio wakafuata, na aliyebaki akijikuna ndiye aliyeambiwa aende akasimame kati ya zile ndara mbili. Nilibaki mimi kila siku. Nilikuwa mtoto wa kukaa ndani, na hata leo hapa Birmingham safari yangu ndefu ni kufika Ladypool Road kununua nyama, tena nikirudi najilaza.

Aliyeniokoa na aibu ni Mjomba Abdi. Ukutani kwake alibandika ukurasa wa gazeti la zamani: kipa Mjerumani wa miaka ya hamsini, kofia kichwani, mikono mitupu, amelala hewani upande wa kulia. Kona ya ukurasa, pale ambapo mpira ungekuwa, ilikuwa imeliwa na mchwa. Maelezo ya chini yalikuwa ya Kijerumani, lugha ambayo Mjomba hakuijua, lakini hilo halikumzuia kutusomea. Tukinywa chai yake ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, tulipata maisha yote ya yule bwana. Alianza kwa kudaka mikate ya moto akiwa mwanagenzi wa muoka mikate. Vita vikamla miaka yake mizuri. Akarudi amekonda, akadakia timu moja tu mpaka mvi zikamtoka, na timu ya taifa ilipomwita mara moja, akakaa benchi na koti lake.

"Hakuhama," Mjomba alikuwa akimalizia. "Mtu wa nyumbani."

Nikajua huyo ni ndugu yangu. Basi nikamwiga. Mpira ukipigwa, naruka kulia na kulala hewani kama pichani. Ukija kushoto, naruka kulia. Ukitoka nje, vilevile. Isiolo nzima ilijua pa kupiga. Mama akinipangusa vumbi, na kwake kupangusa na kupiga vilikuwa kitu kimoja, alisema: "Ungeupenda mpira kama unavyopenda mchanga, ungeshaudaka."

Haya yote nilimsimulia Hodan Jumamosi moja nikimenya viazi, na haikuwa mara ya kwanza. Akanijibu kwa Kiingereza, ndiyo lugha yao watoto wa huku, kwamba tutoke nyuma ya nyumba anipigie penalti tatu. Nikidaka hata moja, atamsikiliza Mjerumani wangu mpaka mwisho, tena bila simu mkononi. Nisipodaka, "enzi zetu" isisikike tena nyumba hii. Nilicheka, lakini kisu cha viazi nikakiweka chini. Mtu wa umri wangu akinyang'anywa enzi zake anabaki na nini? Goti bovu na rimoti.

Goli likawa kati ya pipa la taka na nguzo ya kamba ya nguo. Nikangoja, maana vijana wa siku hizi hawagusi mpira bila viatu vya rangi ya peremende, chupa ya maji na kutengeneza nywele. Akapiga kushoto. Nikaruka kulia, nikalikumbatia pipa. Akapiga tena kushoto, na pipa likanipokea tena. Ya mwisho niliapa moyoni kwenda kushoto, wallahi, lakini mwili ukaenda kulia wenyewe, kama ng'ombe anayejua boma lake.

Nikabaki nimelala. Nyasi za huku ni laini na zimeloa, hazichubui, na nikautamani ule mchanga ulioniachia angalau kidonda cha kuonyesha. Zamani tulifungwa mchana kutwa, na jioni kwa Mjomba tukawa mashujaa. Watoto wa sasa wanataka matokeo kwanza, na yakishajulikana, hadithi haina pa kuingilia. Hodan alikwisha kurudi ndani. Nikajisemea, kwa sauti kidogo, kwamba Mjerumani angeudaka ule.

Jirani yetu Mkongo, Mama Furaha, alikuwa akianika nguo ng'ambo ya ua, na hadithi ile ameisikia mara nyingi kama Hodan. Akatoa kibanio mdomoni.

"Baba Hodan, ata ule Mujerumani wako, mupira iko wapi? Ile siku ya picha walimufungaka."