Neno Moja Lililonikokota Kangle

Mkasa huu watu wanaujua nusu, na nusu yenyewe wameipata kwa wifi yangu Shufaa, kwa hivyo bora niseme mwenyewe kwamba ndiyo, yule mwanamke aliyepitishwa mitaa ya Kangle kule Guangzhou, kichwa wazi, na shimizi, ndani ya nyumba inayokwenda, alikuwa ni mimi Zuhura, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, na sikuwa nimerogwa wala sikuwa na homa.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya Beijing, wakati ambapo kila mwenye duka pale Darajani, kwetu kisiwani, ama yuko China au ndio kwanza kashuka kwenye ndege, na mie nilikuwa nakwenda kununua vitambaa vya mapazia. Lakini safari ile nilikwenda na donge. Mbarouk, mume wangu wa miaka ishirini na mbili (namtaja kwa jina, na akitaka ugomvi anajua ninapokaa), alikuwa kanipa talaka na kunitoa katika nyumba ambayo hata rangi ya kuta nilichagua mie, nikawa nalala chumba cha uani kwa binti yangu, mkwe akikohoa tu nami nahisi naambiwa nihame. Basi siku hiyo niko mtaa wa Yide Lu, kwenye maduka ya vitu vya watoto, nikaona kijigari cha plastiki kinakokota kijumba chenye pazia dirishani. Nikasimama pale mpaka mwenye duka akadhani naumwa. Nyumba ambayo ukifukuzwa unaondoka nayo! Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba kitu kama hicho kipo.

Aliyenambia kwamba vya kweli vipo ni Papa Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa akitufasiria Kichina, na huyu naye nitamtaja mpaka nife. Akanipeleka yadi moja nyuma ya Kangle, katikati ya vile viwanda vidogo vya kushonea, ambako bwana mmoja alikuwa na karavani mbili zilizotengenezewa Wazungu na Wazungu wenyewe hawakuja kuzichukua. Kontena letu wafanyabiashara lilikuwa lifungwe bandarini Nansha kesho yake, nafasi iliyobaki ya tela moja, na pesa niliyokuwa nayo ya nyumba moja, kwa hivyo ilikuwa nichague siku ile ile au nirudi kwenye chumba cha uani.

Karavani ya kwanza ilikuwa pana, ina jiko, ina kitanda cha mtu na heshima yake, nikaipenda pale pale. Ya pili nyembamba kama jeneza, inanuka unyevu, dari ina alama ya maji. Na hiyo ya pili ndiyo laoban (kule kila mwenye mali huitwa laoban, hata awe na kigoda kimoja) aliyotaka kuiondoa, maana tulipofika alikuwa keshaifunga nyuma ya pikapu yake, kwenye ule mpira wa chuma, ili atuonyeshe inavyofuata vizuri.

Sasa mie mambo ya matela siyajui, skuli nimeishia darasa la nne, mtu akinitajia uzito na breki namwitikia tu. Ninachojua ni kukaa ndani. Nikauliza mbuzi ya kukunia nazi nitaiweka wapi, mswala nitautandika wapi. Kasongo akachoka, akaniambia, "Maman, ingia, gusa byote, fanya kama uko kwako. Mi nakwenda kula kidogo." Akaniacha. Kwa supu ya tambi.

Na mie badala ya kumngoja, nikaingia ile nyembamba, ati nimtendee haki laoban, nikaenda moja kwa moja bafuni, kwa kuwa nyumba ya kukaa siku zote, si ya matembezi, utaijua kwa bafu lake. Baibui likawa linanasa. Nikalivua, na ushungi, na dera, nikavitundika nje ya mlango wa bafu, nikabaki na shimizi, nikajisukuma ndani kinyumenyume. Nikaingia. Kutoka ndiyo ikawa habari nyengine, nyonga zimeshika huku na huku kama kizibo. Nikasema basi, jibu nimeshalipata, hii siitaki. Kulikuwa na kidirisha, nikatoa kichwa, nikamwona laoban kasimama kando ya pikapu.

"La, laoban," nikamwambia kwa upole, tusivunjiane heshima. "La."

Akaniuliza kitu, akaonyesha pikapu. Nikaona ananiuliza kama nina hakika.

"La kabisa."

Akacheka kwa furaha, akanionyesha dole gumba, akapanda garini.

Nyumba ikaanza kwenda. Mwanzo nilidhani ni kizunguzungu. Kisha nikauona ukuta wa yadi unapita, nikatoa kichwa tena nikapiga kelele la, la, la, na kila nikisema la, yeye anazidisha mwendo, nikinyamaza anapunguza na kuchungulia kiooni kama anayengoja maagizo, nami nikimwona kapunguza nasema ah, kaelewa, hebu nimkazie, "La!", na tukaruka tena mbele. Sikuelewa. Nikawaza mtu huyu ni kiziwi, au ananiiba, au ndiyo kashaniuza na tela lake na napelekwa Nansha nikafungwe kontenani mzima mzima.

Tukaingia kwenye vichochoro. Wasukuma mikokoteni ya vitambaa wakajibana ukutani, mafundi wakaacha cherehani wakatoka milangoni. Na mbele ya duka la satini nani kasimama na wenzake wanne wa kwetu? Shufaa, dada yake Mbarouk, Guangzhou nzima ilivyo kubwa. Tulipita karibu naye hivi, kichwa changu dirishani, nywele za mabutu matatu.

"Wifi," akaniambia taratibu, "ndiyo unahama?"

Sikuwahi kumjibu, maana penye kona ya duka la vifungo pikapu ilipita na nyumba haikupita. Ubavu mzima ulikwaruza ukuta, kutoka mlangoni mpaka jikoni, bati likachanika kwa ukelele, na mie nikachomoka bafuni nikakaa chini kitako. Hilo peke yake ndilo jema la siku ile.

Nilipotoka nimeshavaa, mtaa umejaa. Laoban ananinyooshea kidole, mafundi wote wanaitikia kwa vichwa. Kasongo akaja na bakuli lake mkononi, akasikiliza, akanitazama kwa huruma.

"Maman, anasema ni wewe mwenyewe ulimwambia avute."

"Mie nilimwambia la!"

"Njo vile. La, kwa lugha yao, ni vuta. Na bale bote banasema ulirudilia sana."

Neno nililofundishwa na mama yangu kukatalia. Mashahidi mtaa mzima, na wote wanasema kweli.

Basi nililoliharibu nikalinunua. Ile pana niliiacha pale yadini, hata sikuigeukia. Leo ninakaa kwetu Fuoni katika ile niliyoikataa, ubavu umezibwa kwa bati la kuezekea nyumba, mlango unatazama ukuta wa jirani kwa sababu huko ilikotengenezwa magari hupita kulia na mlango huwekwa upande huo, na kuoga naoga nje, nimezungushia makuti. Lakini hakuna anayekohoa nikahama. Shufaa kila akipita huita kwa sauti, "La, wifi, la!"

Maishani mwangu nimekataa vitu viwili, Mbarouk alipoleta posa na tela lile, na vyote viwili nilipakiwa. Nimeapa sivui nguo tena ndani ya kitu chenye magurudumu. Na mwaka jana Mbarouk alituma wazee waje kuniomba nirudi. Nikawatilia chai, nikawasikiliza mpaka mwisho, nikawajibu hapana. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza, bibi, mbona siku hizi unasema kama mtu wa bara?

Nikamwambia lile jengine linavuta.