Ndege Zilizosuguliwa kwa Majivu

Baba mkwe wa Phanice, pale Gesima, alikuwa fundi wa shirika la ndege la Afrika Mashariki. Hadi leo kila asubuhi huzipangusa ndege zake saba ndogo za chuma kwa brashi ya kunyolea, akitaja viwanja alikotengeneza zile kubwa zenyewe: Entebbe, Mombasa, Dar. Jana Phanice, kwa nia njema, alizisugua kwa majivu kama sufuria mpaka rangi na majina yakatoka. Mishipa ya shingo ilimsimama mzee. Lakini kwao mtu hamkaripii mke wa mwanawe usoni, kwa hiyo akaikaripia ndege, kidole gumba kikipapasa palipokuwa na maandishi.

"Shirika lako lilikufa mwaka wa sabini na saba," akaiambia, sauti ikikwaruza. "Leo ndio limezikwa."