Imbwa Iliyokataa Mukono Wangu

Papa alitembea siku mbili kutoka kuwinda Walikale, pori nzima ikamuacha salama, halafu akavunjika muguu kwenye kitelemuko cha shamba letu la maharagi, fasi aliyopita kila siku ya maisha yake. Wanaume wa kilima wakamubeba ku machela mpaka barabarani, na camion iliyopakia ndizi ikamupeleka hospitali ya Kirotshe. Akiwa amelazwa juu ya zile ndizi, uso umejaa jasho, hakuuliza habari ya shamba wala ya Mama. Aliniita miye, binti wake wa kwanza, akasema, "Imbwa yangu niikute." Maneno matatu tu. Nikaitika bila kufikiri. Nilikuwa na miaka kumi na munane na kazi ya kuitika sikuiogopa.

Imbwa yenyewe ilikuwa nyekundu, mukia umejikunja, haibweki hata ukanyage muguu wake. Ni aina ya kule Walikale, ile wawindaji wanaifunga kengele ya muti shingoni ili waisikie ndani ya majani. Ilikuwa imezeeka na Papa. Tangu mvua zilizopita ilikuwa inakohoa, na ikipanda kilima inasimama katikati, ulimi nje, inatuangalia kama muzee aliyesahau alichokuja kuchukua. Tumbo likavimba, mbavu zikatoka. Siku mbili baada ya Papa kuondoka iliguguna mifupa aliyoiachia nyuma ya nyumba; siku ya tatu mifupa ikaisha, ikaacha kula.

Ile ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, ile tuliyoita dipanda. Wazungu wenye mashamba ya ng'ombe walikuwa wamekwenda, lakini infirmier wao wa mifugo, muntu wetu, alibaki na mupira wake wa kusikiliza kifua, akizunguka kilima kwa kilima. Nilimungojea kwenye zizi la jirani. Aliponiona na imbwa mikononi akacheka.

"Dada, miye niko munganga ya ng'ombe."

"Basi hesabu hii ni ng'ombe ndogo," nikamuambia.

Akaisikiliza muda murefu, akaacha kucheka. Akabonyeza tumbo kwa vidole viwili. "Moyo njo inagonjwa," akasema. "Imechoka kusukuma damu, maji inabaki mu tumbo." Akanipa vidonge vyeupe ndani ya karatasi. Nivifiche mu chakula asubuhi na jioni. Chakula kiwe kidogo-kidogo, mara ine kwa siku. Chumvi hapana kabisa, sababu chumvi inashika maji. Na nisiifungue kinywa kwa nguvu, maana ikianza kupigana nami moyo utasimama palepale. "Kama haikule mu hii juma," akasema akifunga mufuko wake, "Papa yako atakuta kaburi."

Nikaingia jikoni. Miye nilikuwa mupishi, nasema bila haya, na wakati ule nilidhani hakuna kiumbe kilima kizima kinachoweza kukataa sufuria yangu. Nilipika bugali laini ndani ya supu ya mifupa. Ikaangalia pembeni. Nikapeleka maziwa ya moto, ikageuza kichwa. Yai, hapana. Ini la mbuzi, hapana. Nikajiambia: ni chumvi. Kwetu kumupikia muntu bila chumvi ni kumutukana mbele ya watu, na miye niliona imbwa imetukanwa, ina haki ya kukasirika. Nikatafuta kitu cha kudanganya ulimi wake. Nikatia mawese, nikatia vitunguu vya kukaangwa, nikachoma samaki wa ziwa mpaka majirani wakaja kuuliza kuna karamu gani. Siku ine zikaisha hivyo. Sisi tulikula vizuri sana zile siku, kwa sababu kila kilichokataliwa kilirudi mezani kwetu kutiwa chumvi.

Siku ya tano nilikasirika. Nilipiga magoti mbele yake na kipande cha nyama ya kuku mukononi, nikaitukana kwa lugha zote nilizojua, Kihunde, Kiswahili na Kifaransa kidogo cha shule. Nikaiita mwizi, nikaiita malaya wa porini. Halafu nikaona mate. Yalikuwa yanadondoka kutoka mudomoni, tone baada ya tone, mpaka chini. Imbwa ilikuwa inaangalia ile nyama na kutetemeka, kisha ikalaza masikio na kugeukia ukuta. Nikaacha matusi. Ile haikuwa imbwa isiyotaka kula.

Nikamuita Mama aje aone. Alisimama mulangoni, mikono ina unga wa muhogo, akayaangalia yale mate.

"Iko na njaa," akasema. "Inaogopa fimbo."

"Fimbo gani? Nani aliipiga?"

Njo pale akaniambia. Wawindaji wa ukoo wetu walisema imbwa ikila mukononi mwa mwanamuke pua yake inakufa, haitasikia tena harufu ya nyama porini. Hilo nililijua, nikiwa mutoto nilichapwa kwa kuirushia mufupa. Nisilolijua ni vile imbwa inavyofundishwa. Ilipokuwa bado kitoto, Papa alimukalisha Mama kwenye kigoda, akamupa nyama aishike na kuita kwa sauti tamu. Kila ilipomukaribia, Papa aliichapa. Siku baada ya siku, mpaka ikajifunza kukimbia sauti tamu ya mwanamuke. "Miye njo nilikuwa nashika ile nyama," Mama akasema. "Nilikuwa muke kijana, na weye mutoto mudogo. Ningekataa namna gani?"

Na miye siku zote tano nilikuwa naibembeleza kwa sauti tamu.

Nilikaa chini nikafikiri, halafu nikasimama nikaenda kuchukua koti la Papa la kuwindia. Tulimuvua siku ya machela, tukaliangika juu ya moshi, limekauka, linanuka jasho, damu ya zamani na imbwa yenyewe. Nikavaa. Nikavaa na pantalo yake, nikaikaza kwa kamba, na kofia. Mama akauliza kama wazimu umenipanda na akafunga dirisha la upande wa njia, kwa sababu binti wa Wakristo hakuvaa pantalo mwaka ule wala mwaka uliofuata.

Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, fasi ambayo Papa aligawa nyama. Nikachutama kama yeye. Nikatandika jani la mugomba, nikakata kuku juu ya goti kama yeye, nikatia kidonge ndani ya kipande kimoja. Kipande cha kwanza nikakitafuna mwenyewe, sababu yeye alifanya hivyo kila mara, na kuku bila chumvi ni kitu kibaya, naapa. Sikuita kwa sauti tamu. Niligonga ulimi mara mbili, kwa ukali, nikaangalia pembeni kama muntu asiyejali.

Ilikuja polepole, ikikohoa. Ikanusa koti. Ikanusa mukono. Kisha ikainua kichwa na kuniangalia usoni, muda wa kutosha kabisa, na ninawaambia haikudanganyika hata kidogo. Ilijua ni miye. Pengine ilihitaji tu kuona kwamba sheria imeheshimiwa. Ikachukua kipande, ikameza, ikachukua cha pili chenye kidonge, ikameza, na ikaramba lile jani mpaka likapasuka. Nililia ndani ya kofia ya Papa. Mama alikuwa anachungulia kati ya migomba, naye akaanza kupiga vigelegele, muke kijana yule wa kigoda.

Tangu siku ile nilikuwa mwanaume mara ine kwa siku. Habari ikaenea. Katekista alipita njiani, akasalimia mugongo wangu, "Jambo Papa, tunamushukuru Mungu umerudi," na nilipogeuka akaanza kutafuta kitu chini ambacho hakukiangusha. Wanawake wa kisimani walinipa cheo, wakaniuliza nitaoa lini. Niliwajibu kwamba nachagua. Tumbo la imbwa lilikuwa linapungua, usiku ilikohoa kidogo, na munganga wa ng'ombe alipoisikiliza tena alinipa mukono kama anapongeza muntu mukubwa. Basi wanaocheka wacheke.

Kisha nikataka zaidi, ndivyo nilivyo. Juma la pili nikaacha pantalo. Halafu kofia. Halafu nikavaa koti mabegani tu, juu ya kikwembe changu cha kujifunga. Kila hatua imbwa ilisita, ikaangalia kama fimbo inatoka upande fulani, ikaja. Asubuhi moja nikaenda na kikwembe peke yake, mikono mitupu hadi kwenye kiwiko, nikanyoosha nyama na kusema kwa sauti yangu mwenyewe, tamu kama ninavyotaka, "Kuja, kuja kula." Ikaja. Ikala mukononi mwangu, na pua yake ya baridi ikabaki kwenye kiganja hata nyama ilipokwisha.

Papa alirudi baada ya miezi miwili, na fimbo ya kutembelea, bila kututumia habari. Alitukuta jikoni. Miye niko kwenye kigoda, imbwa imeweka kidevu juu ya goti langu inakula bugali vidoleni. Mama akaacha mwiko ndani ya sufuria. Imbwa ilimuona, ikatikisa mukia, ikamwendea na kumuzunguka muguu mubovu mara mbili, kisha ikarudi kumaliza chakula chake.

"Miye njo nimeilisha," nikasema. "Tangu ulipoenda. Na huu mukono."

Papa aliuangalia ule mukono. Alienda kukaa baraza, na jioni wanaume wakaja kumupa pole. Habari zilikuwa zimewafikia wote. Mwindaji mumoja, muzee kuliko Papa, mwenye imbwa tatu zenye kengele, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba ni hasara, imbwa nzuri vile kuharibiwa na mwanamuke.

Nilisimama nyuma ya mulango na kikapu cha maharagi, nikingoja kuaibishwa.

"Zako," Papa akamuuliza, "siku utavunjika muguu, nani atazilisha?"

Kisha Papa akaniita kwa sauti kubwa, niwaletee wageni chakula, na nilete na cha imbwa, niilishe palepale mbele yao.

Nikaja. Nikachutama katikati ya wale wanaume wote, nikanyoosha mukono.